Kufunga na Kufungua: Maneno Mawili Yenye Hatari kwa Fundi Umeme

Wajibu wa kwanza wa istilahi ni kumwezesha msomaji kutenda jambo lile lile alilolikusudia mwandishi. Istilahi ya umeme ina wajibu mzito zaidi: isimuue. Kwa sababu hiyo hatuna budi kuyatazama upya maneno mawili ambayo wafasiri huyatumia bila wasiwasi, yaani kufunga na kufungua.

Tuchukue kazi ya kawaida. Katika nyumba ya kupanga huko Mabatini, wilayani Nyamagana, mwenye nyumba ataka taa tatu za korido ziwake kwa swichi moja. Tuseme mfasiri wa mwongozo wa ufundi ameandika hivi: “Funga taa tatu kwa swichi moja. Kabla ya kugusa holda, hakikisha swichi imefunguliwa.”

Katika sentensi ya kwanza kufunga ni kuweka kifaa mahali pake, na hakuna fundi wa Mwanza atakayekosea. Shida imo katika sentensi ya pili. Mfasiri amefuata lugha ya fizikia, ambamo swichi iliyofunguliwa ni ile ambayo ncha zake zimeachana, na umeme haupiti. Lakini msomaji wake amezoea kufungua bomba ili maji yatoke, na kufungua redio ili isikike. Kwake yeye swichi iliyofunguliwa ndiyo inayopitisha umeme. Hivyo agizo lililoandikwa ili kumlinda linamwelekeza aguse holda yenye umeme wa volti 230.

Wako watakaosema kwamba mafunzo yatamzoesha fundi maana mpya. Hoja hiyo haitoshi. Maana ya darasani haiifuti ile ya nyumbani, na mtu aliye juu ya ngazi gizani huikumbuka kwanza ya nyumbani.

Wengine watapendekeza tuseme kuwasha na kuzima tu. Maneno haya yanamfaa mtumiaji wa taa, ila hayamtoshi fundi. Swichi ikiwekwa kimakosa kwenye waya wa nyutro badala ya waya wa moto, taa zote tatu zitazimika, lakini umeme utaendelea kufika katika kila holda. Hapo taa zimezimwa, na umeme haukukatwa. Istilahi isiyotenganisha mambo hayo mawili imeshindwa kazi yake.

Tunapendekeza basi mgawanyo ufuatao. Kufunga kubaki na maana ya mafundi, yaani kuweka taa, swichi au holda mahali pake. Kuwasha na kuzima kuhusu taa yenyewe. Kupitisha na kukata kuhusu umeme ndani ya swichi. Kufungua kusitumiwe kabisa kwa swichi. Kwa mgawanyo huo, agizo letu litasomeka: “Kabla ya kugusa holda, kata umeme kwenye swichi kuu, kisha pima kwa testa.”

Walimu wa fizikia nao waweza kusema saketi kamili na saketi iliyokatika, wasipoteze lolote.

Hatukulazimika kwenda mbali kulitafuta neno hili. Taa zinapozimika mtaa mzima, wakazi wa Nyamagana husema umeme umekatika. Wafasiri wenye miswada mikononi wanaombwa kuisahihisha kabla haijapigwa chapa.