Mizani ya Pamba na Elimu ya Uchumi

Wanafunzi wa sekondari husoma katika vitabu vya uchumi kwamba kila mtu akitafuta faida yake mwenyewe, soko huru litayapanga mambo hata jamii nzima ipate neema. Mara nyingi fundisho hilo hupokewa kama kanuni ya sayansi, sawa na ile ya nguvu ya mvutano wa dunia. Tumeona yafaa tulipime kwa mambo yaliyotokea Mwanza na kandokando ya Ziwa Viktoria, kwani kijana hujifunza vema kwa mifano ya nyumbani.

Tuanze na neno lenyewe. Uchumi umetokana na kuchuma; na katika nchi ya Wasukuma, pamba huchumwa. Huko, tangu zamani, vijana walilima mashamba kwa ushirika chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Kwa hiyo neno letu latukumbusha kwamba nyuma ya kila bei ipo mikono ya watu.

Adam Smith, Mskochi aliyetoa kitabu chake kikuu cha uchumi mwaka 1776, ndiye hutajwa kuwa baba wa fundisho la soko huru. Wengi wamtajao husahau kwamba mwaka 1759 alikwisha kuandika kitabu juu ya maadili na huruma ya binadamu, tena kwamba aliwaonya wasomaji wake juu ya wafanya biashara wanaokula njama kupandisha bei. Waliotwaa nusu ya maneno yake wakaifanya sheria, hao ndio tunaowalaumu.

Sasa tuitazame mizani. Kabla ya ushirika kuimarika, mkulima wa pamba alipeleka mzigo wake kwa mnunuzi mwenye mizani yake mwenyewe, na malalamiko ya kupunjwa yalienea kote. Kila upande ulitafuta faida, lakini mizani ilikuwa mikononi mwa upande mmoja. Wakulima wakaweka wapimaji wao. Kisha, chini ya uongozi wa Paul Bomani na wenzake, wakaunda vyama, na mwaka 1955 likazaliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Wakulima hao hawakuacha kutaka faida. Walikataa faida inayopatikana gizani.

Wala tusiufiche upande wa pili. Mwaka 1966 tume ya Rais ilivichunguza vyama vya ushirika ikakuta ubadhirifu na uongozi mbovu. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Mizani ya ushirika nayo yahitaji macho ya wanachama.

Ziwa nalo lina ushahidi wake. Sangara alipandikizwa humo katika miaka ya 1950, akaenea mno katika miaka ya 1980. Viwanda vya Mwanza vikapeleka minofu Ulaya, na mapanki yakabaki kuwa kitoweo cha wenyeji wasio na uwezo. Kila mvuvi alifanya hesabu iliyo sahihi kwake: nyavu zaidi, samaki zaidi. Hesabu za wote zilipojumlishwa zikawa hasara, maana sangara wakubwa waliadimika. Na zile aina nyingi za furu zilizotoweka hazikuandikwa katika bei yoyote.

Je, uchumi ni sayansi? Jiwe likiangushwa kutoka mwamba wa Bismarck litaanguka vilevile, wala halijali tumefundisha nini darasani. Binadamu sivyo alivyo: kijana akiambiwa kila siku kwamba ubinafsi ndio maumbile yake, mwishowe ataona haya kuwa mwema. Uchumi ni elimu ya kupima, nayo ina manufaa makubwa kwa taifa. Inapokubali kusahihishwa na yaliyotokea, tutaiita sayansi bila kinyongo. Inapokataa, ni itikadi iliyovikwa tarakimu.

Basi mwalimu afundishapo habari za bei, na awaulize wanafunzi wake maswali matatu: ni nani aliyeshika mizani, ni nani awezaye kuisoma, na ni kitu gani ambacho hakikuwekwa juu yake?