Samaki wa Kupimia

Kambale ni samaki wa topeni, na kinachozama mtoni humfikia mapema. Mto Mkondoa, unaopita Kilosa, huzamisha mengi: mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaling'oa hata reli, sembuse udongo wa mashambani. Upande wa Mikumi, barabara kuu ya kwenda Zambia imeipasua hifadhi katikati, na kwa miaka mingi magari yaliyopita pale yalichoma petroli yenye madini ya risasi. Maji ya pande zote mbili hushukia Mto Wami, kisha baharini.

Sasa mtu akitaka kujua kama kambale wa Mto Mkata, upande huo wa Mikumi, ana zebaki au DDT, mashine ya maabara itampa namba. Itampa hata ikiwa imekosea. Wa kuiumbua ni samaki mwingine, ambaye kilichomo ndani yake kinajulikana tayari, akipimwa sambamba na wetu. Kumtengeneza huyo ni ufundi ninaouhusudu.

Huanza kama mapishi: ngozi na miba hutolewa. Kisha minofu hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika hadi ivunjike kama kigae, ikasagwa kwa vyombo vya tefloni au titaniamu, maana chuma cha kawaida chaweza kuongeza kilekile kinachotafutwa. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ina unga wa trauti wa Ziwa Superior, SRM 1946, unaotunzwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Ukiyeyuka, haurudi tena kuwa unga, ndiyo maana mpimaji huchota chapuchapu. Unga hugawanywa chupani, kisha chupa za mwanzo, za katikati na za mwisho hupimwa. Zikipishana mno, samaki wote wale wamekufa bure. Zikilingana, cheti huandikwa: kiasi, na ubavuni mwake kipimo cha shaka. Ni mafundi wangapi huuza shaka yao pamoja na kazi?

Lakini trauti wa Superior ana mafuta tele, kambale sivyo. Natamani tuwe na unga wa kambale wa Mkata (wavuliwe nje ya mpaka wa hifadhi, askari wa Mikumi hawana utani). Kikwazo ni umeme, kwani nyuzi 80 chini ya sifuri hazivumilii mgao. Kwa zebaki na risasi ningewafuata Wakanada, ambao unga wao wa samaki, DORM, ulioanza na nyama ya papa mdogo, ni mkavu, hauhitaji baridi hiyo. DDT ingoje hadi tupate jenereta ya kuaminika.