Karani Aliyejigeuza Msimamizi Mkuu: Uchambuzi wa Mianya Miwili ya Active Directory

Novemba 9, 2021, Microsoft ilitoa masasisho yaliyoziba, pamoja na mengine, mianya miwili ya Active Directory: CVE-2021-42278 na CVE-2021-42287. Aliyeigundua ni Andrew Bartlett wa mradi wa Samba, programu huria inayoweza kufanya kazi ileile ya Active Directory. Ukiitazama mmoja mmoja, haitishi sana. Ikiunganishwa, karani mwenye akaunti ya kawaida na nywila yake tu aliweza kuushika mtandao mzima wa taasisi kwa dakika chache.

Active Directory ni daftari la utambulisho: ndani yake kumeandikwa nani ni nani na anaruhusiwa nini. Seva inayolitunza huitwa kidhibiti cha domeni. Watu wana akaunti humo, na kompyuta nazo zina zake. Jina la akaunti ya kompyuta huishia na alama ya dola, kwa hiyo kidhibiti kiitwacho DC01 huandikwa DC01$. Lakini hiyo ilikuwa desturi tu. Mfumo haukukagua kama dola ipo au haipo, na huo ndio mwanya wa kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo wala halikuhesabiwa kuwa kosa. Tangu Windows 2000, mtumiaji yeyote wa domeni anaruhusiwa kufungua akaunti za kompyuta hadi 10, ili aweze kuunganisha mashine yake bila kumngoja fundi. Mpangilio huo unaitwa ms-DS-MachineAccountQuota. Aliyefungua akaunti hubaki na haki ya kubadilisha baadhi ya taarifa zake, likiwamo jina.

Basi mshambuliaji anafungua akaunti ya kompyuta. Hahitaji mashine yoyote mezani, kwani ni maandishi tu kwenye daftari. Anaifutia majina ya huduma yaliyoambatana nayo, mfumo usije ukagoma anapobadilisha jina, kisha anaiita DC01, bila dola. Jina linakubaliwa kwa kuwa halifanani herufi kwa herufi na DC01$. Anaomba tiketi ya Kerberos, itifaki ambayo Active Directory huitumia kuthibitisha utambulisho, kwa jina hilo na anapewa kihalali kabisa. Halafu anairudishia akaunti jina lake la mwanzo. Sasa mkononi ana tiketi halali ya DC01, na kwenye daftari hakuna tena akaunti yenye jina hilo.

Tiketi ile anaipeleka kwa kidhibiti na kuomba S4U2self, nyongeza ambayo Microsoft iliiweka kwenye Kerberos katika Windows Server 2003. Kwa nyongeza hiyo, kompyuta huomba tiketi ya kujifikia yenyewe kwa jina la mtumiaji fulani, ili ijue ana haki gani. Mshambuliaji anamtaja msimamizi mkuu. Kidhibiti kinatafuta DC01, hakikuti kitu. Badala ya kukataa, na huu ndio mwanya wa pili, kinaongeza dola mwishoni na kutafuta tena; kinaikuta DC01$, akaunti yake chenyewe. Kinaandika tiketi ya msimamizi mkuu, kinaifunga kwa ufunguo wake, na kumkabidhi karani. Kwa tiketi hiyo karani anaweza kuagiza nakala ya hashi za nywila za akaunti zote za domeni.

Kosa zito zaidi, kwa maoni yangu, ni lile la kuongeza dola. Programu inayoulizwa "huyu ni nani?" haina ruhusa ya kukisia. Tena haikuwa na sababu ya kukisia, kwa sababu kila akaunti ya Active Directory ina namba ya utambulisho isiyobadilika hata jina likibadilishwa mara mia. Sasisho la Novemba lilikwenda hapohapo: tiketi sasa hubeba namba ya aliyeiomba, na kidhibiti huilinganisha na ile ya akaunti iliyopatikana. Zisipolingana, ombi hukataliwa. Na mtumiaji wa kawaida hawezi tena kuipa akaunti ya kompyuta jina lisilo na dola.

Desemba mwaka huohuo, mtafiti Charlie Clark alieleza hadharani namna ya kuunganisha mianya hiyo, na zana ya kuifanya kazi yote kwa amri moja ikasambaa. Ilikuwa wiki ileile ya Log4Shell, mwanya mwingine mkubwa, mafundi wengi macho yao yakiwa kwingine. Desemba 20 Microsoft ililazimika kuwahimiza wateja upya wasakinishe masasisho ya Novemba, na wachunguze mabadiliko ya majina ya akaunti; kwenye kumbukumbu za Windows, tukio namba 4781 huandikwa kila jina la akaunti linapobadilishwa.

Masasisho hayo hayakuigusa ile idadi ya akaunti 10 za kompyuta kwa kila mtumiaji. Domeni mpya inayoundwa bado huanza nayo. Kama unasimamia domeni, fungua mpangilio huo leo uweke 0, na kazi ya kuunganisha kompyuta wakabidhi mafundi wachache unaowajua kwa majina.