Kicheko cha Mtu wa Pili

Kavimvira, mpakani mwa Kongo na Burundi, hutulia kiasi cha kurekodi sauti alfajiri tu. Malori ya mpakani yamezima injini, taksi-moto hazijaanza kukimbiza watu kuelekea Gatumba, na jirani mwenye jenereta bado amelala. Hapo mimi na rafiki yangu tunafunga mlango, tunasimamisha godoro ukutani, tunaweka simu mbili mezani na kuzungumzia filamu moja ya kuchekesha kwa dakika 40. Hakuna anayetulipa. Tunaifanya podikasti hii kwa mapenzi tu, na leo nataka kueleza jinsi tulivyotengeneza sehemu moja, ile ya filamu *La Vie est belle*. Tuliirekodi mara mbili. Ya kwanza ilikufa, ya pili ikapona, na filamu ilikuwa ileile.

*La Vie est belle* ilitoka mwaka 1987. Waongozaji wake ni wawili, Mbelgiji Benoît Lamy na Mwezé Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, kwa hiyo sisi watu wa Kivu Kusini tuna haki ya kuiita ya nyumbani ingawa ilipigwa picha Kinshasa. Papa Wemba ni Kourou, mwanamuziki wa kijijini anayekwenda mjini kutafuta jina na kuishia kuwa boi katika nyumba ya tajiri Nvouandou. Tajiri huyo nguvu za kiume zimemkimbia. Mganga anamwagiza aoe mke mpya, lakini asimguse kwa siku 30. Msichana anayepatikana ni Kabibi, naye Kourou amekwisha kumpenda. Bosi na boi wanamtaka msichana mmoja, na sehemu kubwa ya kicheko inatoka hapo: mtazamaji anajua zaidi ya wahusika.

Mara ya kwanza tulikosea kitu kilichoonekana kama maandalizi mazuri. Wote wawili tuliitazama filamu kwa makini, tukaandika vidokezo, tukaingia kurekodi tukiwa tumeshiba. Matokeo yake tulikuwa tunamaliziana sentensi. Mmoja alitaja mganga tu, mwingine akaangua kicheko. Tulicheka sana asubuhi ile. Nilipompa dada yangu asikilize, alivumilia dakika kumi, akavua vipokea sauti masikioni na kuniuliza, "Sasa mnacheka nini?"

Swali lake ni la kiufundi kabisa. Kicheko cha filamu kinategemea mpangilio wa kujua: nani anajua nini, na anakijua lini. Picha humgawia mtazamaji ujuzi huo kidogo kidogo. Sauti ya watu wawili wanaojua kila kitu haimgawii msikilizaji chochote, inamwacha mlangoni akisikia sherehe ndani.

Ukanda wetu una uzoefu mrefu wa kusimulia filamu kwa mdomo. Tanzania ilikuwa na Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Kenya ina DJ Afro. Uganda ina jeshi zima la wasimulizi wanaoitwa VJ, na huko herufi hizo husomwa kama "mchekeshaji wa video". Mfano uliovuka mipaka kuliko yote ni *Who Killed Captain Alex?*, filamu ya mwaka 2010 iliyotengenezwa na Isaac Nabwana katika mtaa wa Wakaliga, Kampala. Ulimwengu uliijua kupitia toleo lenye sauti ya VJ Emmie juu yake. Nimeirudia mara nyingi nikisikiliza kazi ya sauti hiyo peke yake. Emmie hatafsiri. Anamtayarisha mtazamaji kabla ya tukio, anamsifia mpiganaji, anamtania anayekufa, anauliza swali ambalo mtu wa kiti cha nyuma angeuliza. Anafanya kazi ya ukumbi mzima.

Lakini Emmie ana vitu viwili ambavyo sisi hatuna. Ana picha, na mtindo wake umezaliwa katika kibanda cha video, watu wamebanana bega kwa bega, ambako kicheko cha mmoja kinawasha cha jirani yake. Hata ukimtazama peke yako usiku, ule ukumbi unausikia katika mwendo wake. Podikasti haina picha, na ukumbi wake ni mtu mmoja anayetembea barabarani na kipokea sauti sikio moja. Kule Marekani, kundi la RiffTrax lilianza mwaka 2006 kuuza faili la utani peke yake, nawe ukalicheza sambamba na filamu uliyo nayo. Njia hiyo ni ya akili, ila inamtaka msikilizaji akae mbele ya kioo na awe na filamu. Wasikilizaji wetu hawaketi.

Jibu nililipata katika mambo ya zamani zaidi ya video. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi, na pale bila picha yoyote hila ya mmoja ilikuwa inamwangukia mwingine. Kabla ya redio, msimulizi alisema "hadithi, hadithi" na hakuanza mpaka ajibiwe "hadithi njoo". Mwitikiaji alikuwa sehemu ya chombo. Kwa hiyo mara ya pili tukaamua kwamba mmoja wetu awe mwitikiaji asiyeijua filamu, lakini rafiki yangu alikuwa ameiona tayari! Ikabidi tutafute mtu wa kukaa mahali pake. Binamu wa rafiki yangu, fundi wa redio ambaye *La Vie est belle* alikuwa hajapata kuiona, ndiye aliyekaa upande wa pili wa meza asubuhi ile, na tangu hapo mimi na rafiki yangu tumeweka sheria: kila filamu inatazamwa na mmoja tu.

Nikasimulia mpaka kwa mganga na zile siku 30. Binamu akanyamaza. Nikasikia anapumua. Kisha akasema polepole, "Ngoja kwanza. Na huyo boi analala nyumba hiyohiyo?"

Hapo ndipo filamu ilipochekesha. Mimi sikuwa nimesema kichekesho chochote. Yeye alikigundua mwenyewe, na msikilizaji akakigundua pamoja naye.

Baada ya kujua hivyo, ufundi wote uliobaki ulikuwa wa kuilinda sauti ya mtu wa pili. Mwanzoni tulitumia simu moja iliyokuwa karibu na mimi, na kicheko cha mwenzangu kilisikika kama kinatoka uani kwa jirani. Sasa kila mtu ana simu yake, sentimita 20 kutoka mdomoni, na simu ya mwenzake isipungue sentimita 60. Kipimo hicho cha moja kwa tatu wanakijua mafundi wa sauti kote duniani: umbali ukiongezeka mara mbili sauti inapungua desibeli 6, ukiongezeka mara tatu inapungua karibu 10, na hapo kila simu inamsikia mwenyewe vizuri na mwingine kwa mbali tu. Godoro la sifongo linameza mwangwi wa ukuta wa saruji. Vitenge tulivyokuwa tukitundika zamani ni vyepesi mno, vinapunguza ukali wa juu na kuacha mvumo. Mvua ikipiga mabati hakuna dawa, tunasubiri.

Simu mbili zinaleta tatizo lake. Tunaanza kwa kupiga kofi moja kali, na kwenye kompyuta tunalinganisha alama ya kofi hilo katika faili zote mbili. Ila saa za ndani za simu hazilingani kabisa. Tofauti ya sehemu 20 tu katika milioni inakuwa milisekunde 72 baada ya saa nzima, na kwa kuwa kila simu inamsikia mwenzake kidogo, mwishoni sauti inaanza kujirudia kama tuko ndani ya pipa. Tunapiga kofi jipya kila dakika 15 na kuunganisha vipande.

Lililotusumbua zaidi ni kicheko chenyewe. Programu nyingi za kurekodi za simu hujiamulia ukubwa wa sauti: ukinong'ona zinapandisha, ukicheka kwa nguvu zinashusha, halafu zinachelewa kupanda tena. Neno linalofuata kicheko linazama, na katika mazungumzo ya kuchekesha mara nyingi neno hilo ndilo tamu zaidi. Tulitafuta programu inayokubali kuwekwa kwa mkono. Siku hizi hatupimi kwa "moja, mbili, tatu". Namwomba mwenzangu acheke kwa nguvu zake zote, tunaweka kilele chake desibeli 6 chini ya kikomo, kisha hatugusi tena.

Katika kuhariri tunatumia Audacity, ambayo ni ya bure. Ina amri moja ya kufupisha ukimya, nami nawasihi wanaoanza wasiiguse kamwe kwa kazi ya vichekesho. Niliijaribu. Dakika 40 zikawa 34, mazungumzo yakawa ya haraka na safi, na ule ukimya wa binamu kabla ya "ngoja kwanza" ukaliwa. Swali likaja mara moja, kama limeandikwa, na hakuna aliyecheka. Nilirudisha sekunde zake mbili na nusu kama zilivyokuwa, pamoja na pumzi yake.

Faili la mwisho linatoka kwa njia moja ya sauti, kilobiti 48 kwa sekunde, na dakika 40 zinakuwa megabaiti 14 na kidogo. Anayenunua mega kwa siku anaweza kulipakua, na asiyenunua analipata kwa Bluetooth kutoka kwa mwenzake. Faili la kwanza lisilobanwa tunalihifadhi, karibu megabaiti 230 kwa kila simu. Nabwana alilazimika kufuta kazi yake ya awali ili kompyuta ipate nafasi ya filamu iliyofuata, na toleo lenye sauti ya VJ ndilo lililobaki. Kila ninapoona diski yangu inajaa namkumbuka, natafuta fedha ya kadi nyingine.

Dada yangu nilimpa toleo la pili bila kumwambia limebadilika nini. Alikuwa anachambua ndakala uani. Lilipofika kwenye zile sekunde mbili na nusu aliinua mkono na kuuacha hewani, na kabla binamu hajafungua kinywa yeye alikuwa amekwisha sema, "Lakini si wanakaa pamoja?"