Mcheza Ugenini

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na hakuna wa kubisha. Kwao, mpigaji hata akikosea atabandikwa noti kwenye paji la uso, kwa kuwa waliomzunguka ni shangazi, jirani na mtu aliyesoma naye darasa moja. Methali imenyamaza kuhusu yule aliyepanda basi alfajiri, tarumbeta mapajani, akaenda kupiga mbele ya watu wanaoomba timu yake ifungwe. Huyo hana wa kumtunza. Kila noti atakayotoa itasikilizwa na watu wasiomdai wala kudaiwa naye chochote, wengi wao wakisubiri akosee wacheke. Ndiyo maana nikiingia uwanjani katika kanda hii ya Shinyanga na Geita, kabla ya kutazama timu huwa natafuta kwa macho walipo watu wa matarumbeta ya wageni.

Sababu za safari zimekuwapo. Stand United, Chama la Wana, iliyoanzia kwa watu wa stendi ya mabasi ya Shinyanga mjini, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014. Mwaka uliofuata ikapanda Mwadui FC, timu ya mji uliozaliwa na mgodi wa almasi alioanzisha John Williamson mwaka 1940. Geita Gold ikapanda 2021. Zote tatu zimeonja utamu wa Ligi Kuu na uchungu wa kuteremka, na katika yote mawili mashabiki wao wamekula vumbi la barabara. Kwenda uwanja wa Kirumba jijini Mwanza ni karibu kilomita 160 kutoka Shinyanga: Maganzo, Hungumalwa, Misungwi, Usagara. Kwenda Tabora unapitia Tinde na Nzega. Watu wa Geita kwa miaka mingi walipanga safari zao kwa kukisia foleni ya kivuko cha Busisi, hadi daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025. Uwanja wa Kaitaba wa Bukoba ni safari ya siku.

Basi likiondoka, ngoma huanza kulia papo hapo na nyimbo zikafuata. Mtazame mpiga tarumbeta: amenyamaza. Ya kwanza, anaogopea meno yake. Basi likiruka tuta, kipulizio cha chuma kinaweza kugonga meno ya mbele au kuchana mdomo, na mpigaji aliyechanika mdomo Maganzo hana kazi Mwanza. Ya pili, anatunza mtaji.

Mtaji wenyewe ni midomo. Tarumbeta haina sauti yake. Sauti huzaliwa na midomo inayotetemeka, na bomba, ambalo likinyooshwa hukaribia mita moja na nusu, huichagua na kuikuza. Pistoni tatu hurefusha njia ya hewa, lakini pistoni zikiwa vilevile mpigaji anaweza kutoa noti kadhaa kwa kukaza au kulegeza midomo tu. Misuli midogo inayozunguka kinywa ndiyo inayofanya kazi hiyo, na huchoka upesi. Ikichoka, noti za juu hutangulia kupotea. Kijana asiye na uzoefu hapo hukandamiza kipulizio mdomoni ili azipate kwa nguvu. Damu haipiti vizuri, midomo inavimba, na timu zinapokwenda mapumziko yeye amekwisha. Fundi haendi huko. Anapiga mistari miwili, anaushusha mkono, anaacha watu waimbe. Mwenzake anashika mistari miwili inayofuata. Ukisikiliza kutoka mbali utadhani tarumbeta moja imepiga mechi nzima bila kupumua, kumbe ni watu wawili au watatu wanaopokezana kwa ustadi ambao mshono wake hauonekani.

Mwenye ala kubwa ya besi ana hesabu nyingine. Kipulizio chake ni kipana, hakiumizi midomo kama cha tarumbeta, ila kinakula hewa. Noti moja ndefu inaweza kumaliza kifua kizima. Kwa hiyo besi nzuri haivuti noti; huzidondosha fupifupi, kila moja ikianguka pamoja na ngoma kubwa, na kati ya noti na noti mpigaji anajaza kifua. Watu hucheza kwa noti zilizopigwa, lakini kinachomfikisha mpigaji dakika ya 90 ni zile nafasi alizoziacha.

Halafu kuna jua. Saa kumi kasoro, jukwaani kusikokuwa na paa, chuma kinachoma mkono. Hewa ndani ya bomba ikipata joto, sauti hutembea upesi zaidi na noti hupanda. Tarumbeta iliyokaa kivulini na iliyokaa juani hazitakubaliana hata kama asubuhi zilikuwa zimepatanishwa. Utamwona mzee wa kikundi akivuta nje kidogo kile kibomba cha kusawazishia sauti, kiasi cha upana wa ukucha, akipiga noti moja, akivuta tena. Ngoma za ngozi nazo zina tabia zake: juani hukaza na kulia kwa ukali, mvua ikinyesha hulegea zikawa bubu. Wapigaji wa vijijini Usukumani wanaijua dawa ya hilo tangu zamani, moto wa nyasi na mkono wenye subira. Uwanjani huwezi kuwasha moto, ndiyo maana ngoma nyingi za mashabiki siku hizi zimewambwa plastiki, na za ngozi hulindwa kwa kitambaa hadi wakati wake ufike.

Namna ya kukaa nayo ni elimu. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Uwanja wa mpira una urefu wa mita 100 na ushee, hivyo kofi lililopigwa nyuma ya goli moja hufika nyuma ya goli la pili baada ya takriban theluthi ya sekunde. Katika wimbo wa mwendo wa kuandamana, hiyo ni zaidi ya nusu ya pigo. Mashabiki waliotawanyika wakijaribu kuimba pamoja watavurugana bila kosa la mtu yeyote. Kikundi kinachojua kazi hakitawanyiki. Ngoma kubwa inakaa katikati, vingoma vidogo ubavuni mwake, besi nyuma yake, matarumbeta ngazi moja au mbili juu ili midomo yake ipite juu ya vichwa vya watu. Waimbaji wanaizunguka ngoma kubwa, na wanaambiwa wazi: msifuate upande wa pili wa uwanja, fuateni mkono wa huyu.

Vuvuzela ilipokuja na Kombe la Dunia la Afrika Kusini mwaka 2010, wengi walidhani matarumbeta yamepata mrithi wa bei nafuu. Vuvuzela ina noti moja. Inaweza kufunika sauti nyingine zote, lakini haiwezi kuuliza na kusubiri jibu. Tarumbeta inauliza, jukwaa linajibu, na katika kubadilishana huko watu mia mbili waliokuja na mabasi tofauti, wengine wakiwa hawajawahi kuonana, wanakuwa kundi moja.

Usukumani sanaa ya kupiga mbele ya wasio wako ina mizizi mirefu kuliko mpira. Tangu karne ya 19 wacheza ngoma wa hapa wamegawanyika katika pande mbili, Bagika na Bagalu, wanaokumbuka waasisi wao, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, kuanzia Juni, vikundi husafiri kwenda kushindana. Mbina, yaani ngoma, ya namna hiyo haina meza ya majaji. Pande mbili hucheza uwanja mmoja, saa ileile, na watazamaji wako huru kutembea. Palipo na watu wengi ndipo palipo na ushindi. Manju, anayeitwa ningi kwa Kisukuma, hutunga nyimbo za kuwachoma wapinzani; wengine huleta nyoka na vinyago; na kila upande una wataalamu wa samba, dawa za mvuto, za kuwafanya watu wasibanduke. Padri David Clement, Mkanada aliyejenga makumbusho ya Bujora pale Kisesa, aliuona uzito wa jambo hili, na sikukuu ya Bulabo inayofanyika huko mwezi Juni ikawapa Bagika na Bagalu uwanja mkubwa wa kukutana.

Mtu aliyekulia kwenye mbina hahitaji kufundishwa kwamba hadhira haina deni na mpigaji. Anajua watu huondoka pale wanapopewa kila kitu mara moja. Ngoma ya bugobogobo, yenye majembe yanayorushwa na kudakwa, haianzi na majembe hewani. Inaanza chini, inawaita watu, inawasogeza hatua kwa hatua. Kanuni hiyo naiona jukwaani Kirumba sawasawa na ilivyo kwenye uwanja wa kijiji.

Ala za shaba zenyewe ziliingia kwa mlango wa pwani. Miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa walichukua gwaride na ala za wazungu wakaunda beni, ngoma ya mashindano yenye sare, vyeo na majenerali wa kujipachika. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaitawanya beni bara pamoja na askari wa pande zote mbili, na vyama vya Marini na Arinoti vikashindana kwa mavazi, karamu na mwendo. Serikali ya kikoloni ilivitazama vyama hivyo kwa jicho la shaka, ikihofia kuwa gwaride la mchezo lingeweza kuwa la kweli. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya ngoma hiyo mwaka 1975. Kwa hiyo tarumbeta ilipofika kwenye harusi na viwanja vya mpira, ilikuwa imeshazoea mashindano na safari.

Wenzetu wa Marekani wana bendi za vyuo vikuu zinazosafiri na timu, mamia ya wanafunzi kwa sare, wakichora maumbo uwanjani wakati wa mapumziko. Bendi ya Grambling State ya Louisiana ilipiga kwenye Super Bowl ya kwanza, Januari 1967. Kule mapumziko ni mali ya bendi. Muda umetengwa, mistari imechorwa, watu wamekaa kutazama. Kwetu bendi haipewi dakika hata moja ya peke yake. Inapiga mpira ukiwa unachezwa, kwa watu wasioitazama, bila kuandikiwa kitakachotokea.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Mpiga ngoma kubwa anatazama mchezo, hatazami ngoma. Beki wa pembeni akianza kupanda na mpira, anakaza mwendo kabla jukwaa halijajua kwa nini. Kona ikipatikana, anapunguza hadi pigo moja moja, ili watu wavute pumzi pamoja. Kipa wa wenyeji akilala chini kupoteza muda, tarumbeta hulia wimbo wa kubembeleza mtoto anayelazwa, na hata wenyeji hucheka. Wenyeji wanapoimba kwa nguvu, kikundi cha wageni chenye akili hakishindani nao. Kinasubiri waishiwe pumzi, kisha kinaingia kwenye ule ukimya na wimbo mfupi, wa sauti ya chini ambayo wanaume waliokwisha kukauka koo wanaweza kuimba. Nyimbo huchotwa kila mahali: pambio la kanisani, bongo fleva ya mwezi huu, wimbo wa kulimia. Sharti ni moja, uwe unajulikana kabla ya mstari wa pili.

Ustadi huo hawakuupata chuoni. Wengi walianza na bendi ya shule ya msingi, ngoma kubwa, vingoma viwili na filimbi, wakiwaingiza wenzao darasani kila asubuhi. Kanisa likawapa noti na nidhamu. Harusi zikawapa riziki, na zikawafundisha kupiga wakiwa wamesimama kwenye pikapu inayozunguka mji mzima mbele ya gari la bibi harusi.

Mtihani wenyewe huja timu inapofungwa. Goli likiingia, kikundi kichanga hufanya moja kati ya mawili: kinakufa kabisa, au kinaanza kupiga kwa hasira papo hapo, na watu wake hawaitikii kwa sababu bado wana maumivu. Wakomavu huacha wenyeji washangilie mpaka waridhike. Mpira unarudishwa kati. Kisha ngoma kubwa peke yake, polepole, kama mtu anayebisha hodi. Pigo la nne au la tano, makofi machache yanaingia. Besi inafuata. Tarumbeta ndiyo inayokuja mwisho, na inakuja na wimbo uleule uliokuwa ukiimbwa kabla ya goli, kutoka pale ulipokatika. Ujumbe wake hauhitaji maneno: tulikuwa tunazungumza, tuendelee.

Ukienda uwanja wa Kambarage au wa Kirumba timu ya mbali ikiwa imekuja, usikae mbali na wageni kwa kuogopa kelele. Sogea karibu na ngoma kubwa, uhesabu nani anapiga na nani anapumzika. Goli likiingia, acha kumtazama mfungaji. Tazama mkono wa mpiga ngoma wa upande uliofungwa, uone unangoja muda gani kabla ya kuanza. Kikundi kinachojua kungoja kitafika kipenga cha mwisho kikiwa na watu wake, hata kama timu imepoteza pointi zote tatu.