Sikio la Ajuza: Shujaa Mwenye Doa na Ugomvi wa Wachezaji

Katika ngano za Wasukuma ni nadra kumpata shujaa aliyevuma kama Masala Kulangwa. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote pamoja na mifugo yao, akasalia mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha ndani ya makapi. Mwanamke huyo ndiye aliyemzaa Masala Kulangwa. Kijana alipokua aliliandama zimwi, akaliua, akalipasua tumbo, na waliomezwa wakatoka wazima. Lakini msimulizi haishii hapo. Kisu cha shujaa kilimkata sikio ajuza mmoja aliyekuwamo tumboni, naye ajuza akaghadhibika, akamkusudia mabaya mwokozi wake. Katika moja ya masimulizi yaliyoenea, kijana anamtibu kwanza ajuza, ndipo watu wakamtawaza.

Ngano hii ni ya Usukuma nzima. Msikilizaji wa Mwamapalala, sehemu iliyokuwa ya Bariadi na ambayo tangu 2012 imo katika wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu, ana haki ya kuuliza swali lile lile analouliza mwenzake wa Mwanza: sikio moja lina uzito gani mbele ya ulimwengu mzima uliookolewa? Atakayejibu kuwa halina uzito na atakayejibu kuwa lina uzito mkubwa hawatapatana kwa urahisi. Nao ugomvi wao, kwa maoni yangu, ndio ule ule unaowagawa vijana wa leo mbele ya vioo vya kompyuta.

Iko michezo ya kompyuta ambayo haimpimi mchezaji kwa wepesi wa vidole pekee. Mchezaji hupewa mhusika, akajivika nafsi yake, akamchagulia maneno ya kusema, sahibu wa kufuatana naye, na adui wa kumsamehe au kumwua. Watungaji wake aghalabu humweka katikati shujaa mwenye doa: mwizi, muuaji wa kukodiwa, au mtu aliyewasaliti wake. Shujaa wa namna hiyo akitokea, wachezaji hugawanyika. Kundi moja husema, huu ni mchezo, na uhusika ni vazi tu. Niacheni nilivae kisha nilivue. Kundi la pili husema, vazi ni la kubuni lakini mkono uliochagua ni wangu.

Sisi wapenzi wa tenzi hatukuwahi kugawanyika kwa ukali wa namna hii, na sababu yake si kwamba mashujaa wetu walikuwa safi. Tukumbuke kisa cha Fumo Liyongo. Mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme wa Pate, alimchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Tunasikiliza, tunasikitika, tunamlaani mtoto. Hakuna anayetutia sindano mkononi na kutuuliza, je, utachoma? Mchezo wa kompyuta waweza kuuliza hivyo, kisha ukangoja jibu. Hiyo ndiyo tofauti baina ya kusikiliza na kucheza, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

Kugawanyika kwenyewe si maradhi. Lugha yetu ina neno moja la kucheza ngoma, kucheza bao na kucheza gemu, na Wasukuma wanajua vyema kuwa mchezo hukamilika kwa kuwa na pande mbili. Vyama vyao vikongwe vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana baada ya mavuno, vikicheza wakati mmoja mahali pamoja, na aliyevutiwa na watu wengi zaidi ndiye mshindi. Dawa za kuvuta watazamaji zimo katika mila ya mashindano hayo. Basi na huko pia swali lipo: ushindi wa dawa ni ushindi wa mchezaji? Hata hivyo mtazamaji hupiga kura yake kwa miguu, akasimama upande anaoutaka.

La kulaumiwa, kwa hiyo, ni kitu kingine. Ipo michezo inayoyageuza matendo kuwa hesabu. Katika Knights of the Old Republic, mchezo uliotolewa 2003, hisani humsogeza shujaa upande wa nuru na ukatili humsogeza upande wa giza, kwa pointi zinazohesabika. Ni mchezo uliopendwa, na hadithi yake ina nguvu. Lakini mizani ya namna hii humzoeza mchezaji kuuliza, "Nitaongezewa ngapi?" mahali pa kuuliza, "Nimemfanya nini mwenzangu?" Masikini anayepewa sadaka anakuwa sarafu. Sikio limekatwa, na kilichoandikwa daftarini ni jina la mkataji pekee.

Mifano bora haikosekani. Ultima IV ya mwaka 1985, iliyotungwa na Richard Garriott, ina wauza dawa vipofu wanaomwachia mnunuzi ahesabu mwenyewe fedha anazolipa. Anayewapunja hupata faida papo hapo, wala hakuna anayemkemea. Baadaye, anapotafuta kutimiza maadili manane ambayo ndiyo shabaha ya safari yake, hugundua kuwa dhuluma ile haikupotea. Planescape: Torment ya mwaka 1999 inakwenda mbali zaidi. Shujaa wake hafi, naye amesahau maisha yake yaliyopita. Anakutana na mzuka wa mwanamke ambaye bado anampenda, kisha anajua kuwa yeye mwenyewe, katika mojawapo ya maisha hayo, alimpeleka kifoni kwa makusudi. Hapa hoja ya vazi na hoja ya mkono zinakutana. Mchezaji hakulitenda tendo lile, lakini vazi alilolivaa lina deni la aliyelivaa kabla yake.

Wazazi na walimu wanaotaka shujaa mwenye doa aondolewe kabisa mbele ya vijana nawaheshimu, kwani hofu yao ina msingi. Lakini tumekwisha kuijaribu njia hiyo katika fasihi. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, ilitoka 1971 ikazuiwa mashuleni, na baadaye ikaja kusomeshwa humo humo. Waliomwona Rosa kuwa mpotovu tu hawakuuona mkono wa Zakaria, baba aliyemlea kwa kipigo na vitisho hata alipotoka nyumbani hakujua kujilinda. Kuificha riwaya kulichelewesha mjadala huo, na waliokosa kunufaika nao ni mabinti waliofanana na Rosa.

Mhakiki wa michezo hii, basi, na asianze kwa kuuliza kama shujaa ni mwema. Na aulize ni nani aliyekatwa sikio, na kama mchezo unamkumbuka. Mchezo unaomsahau majeruhi wake ni mbovu hata shujaa wake akiwa mtakatifu. Unaomrudisha majeruhi mbele ya mchezaji, akadai tiba, unastahili kuchezwa na kubishaniwa, hata shujaa wake akiwa muuaji.

Jambo moja linabaki kwa watunzi wetu. Michezo niliyoitaja yote ilitungwa kwa Kiingereza, na kijana wetu anapoombwa msamaha na ajuza wa kubuni, au anapoombwa kuutoa, husikia lugha asiyoiotea ndoto. Sisi tunazo ngano zinazojua kuhesabu sikio. Wanaojua kuandika programu wakikaa pamoja na wanaojua kutunga, Masala Kulangwa ataweza kumwendea ajuza wake kwa Kiswahili, na kijana aliyeshika kisu atalazimika kumjibu kwa maneno anayoyajua uzito wake.