Mchongezi katika Maandiko ya Vita vya Maji Maji

Katika maandiko ya Kiswahili juu ya Vita vya Maji Maji, yako mawili ambayo msomaji wa mambo ya Kusini hana budi kuyapitia. La kwanza ni Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, uliotolewa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. La pili ni mchezo wa Ebrahim Hussein, Kinjeketile, uliochapishwa mwaka 1969. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya lugha ya utenzi ule na juu ya fundisho la mchezo huu. Nia yangu hapa ni ndogo zaidi. Nataka kumtazama mtu mmoja ambaye hakuna vita vinavyomkosa, yaani yule ampelekeaye adui habari za mwenziwe. Maandiko haya mawili hayakumpa mtu huyo kiti cha mbele ambacho hadithi za watu humpa, nami naona kwamba jambo hilo lina maana.

Kwanza maneno yenyewe yapambanuliwe. Mpelelezi ni mtu wa kazi: hutumwa aende, atazame, arudi na habari. Kila jeshi linao wapelelezi, na jeshi likishinda hao nao husifiwa. Jasusi ni mtu yule yule, akitazamwa na upande wa pili. Mchongezi ni mwingine. Huyu hatumwi, bali hujiendea mwenyewe kwa mkubwa kumsema mwenziwe, na mara nyingi kiini cha maneno yake si vita bali ni ugomvi wa shamba, wa mke, au wa cheo. Msaliti ni neno zito kuliko yote, maana halielezi tendo tu, bali linatoa hukumu: kwamba palikuwa na ahadi, na mtu ameivunja. Anayelitumia moja mahali pa jingine hakosei msamiati peke yake. Amekwisha kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza.

Sasa tutazame mambo yalivyokuwa. Vita vilianza Umatumbi mwezi wa Julai 1905. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini moto haukuzimika kwa kufa kwake. Kabla ya mwezi ule kwisha boma la Liwale lilikuwa limeanguka, misioni ya Nyangao, iliyo katika njia ya kutoka Lindi kwenda bara, ilikuwa imeshambuliwa, na nchi ya Wamwera, ambamo leo ziko wilaya za Ruangwa na Nachingwea, ilikuwa imeingia vitani. Kisha ikaja zamu ya msako. Serikali ya Gavana Götzen iliwataka waliotaka kusalimu amri watoe silaha zao, na pamoja na silaha wawatoe viongozi wao na waganga wa maji. Askari waliteketeza vijiji, wakachukua nafaka na nyingine wakaichoma, hata njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Hesabu ya Wadachi wenyewe ilikuwa watu 75,000, mwanahistoria G. C. K. Gwassa alikadiria kwamba waliokufa ni kati ya 250,000 na 300,000. Abdallah Mapanda, mmoja wa wakuu wa vita katika nchi ya Liwale, aliwindwa hata akauawa mwaka 1907.

Mtu akiyaweka mambo hayo pamoja, njaa upande mmoja na sharti la amani upande wa pili, ataona ugumu wa kuhukumu. Bei ya kurudi shambani ilikuwa ni kumtoa mzee wako. Basi mwenye watoto wanaolala na njaa, akionyesha pori alimojificha jumbe wake, tumwite nani? Mchongezi huenda kwa hiari yake. Huyu amesukumwa na njaa. Mpelelezi hutumwa na jeshi. Huyu hana jeshi. Msaliti amevunja ahadi; huyu alikuwa na ahadi mbili, moja kwa jumbe na moja kwa watoto, na asingeweza kuitimiza moja bila kuivunja ya pili. Lugha yetu haikumpa jina lake, na pengine ni heri iwe hivyo.

Kwingineko jina lilipatikana kwa urahisi mno. Huko Australia, polisi wa kikoloni walipokuwa wakiwawinda wanyang'anyi wa msituni, sheria ya mwaka 1865 ya New South Wales iliruhusu mtu aliyetangazwa kuwa nje ya sheria auawe na yeyote, ikamtisha kwa kifungo na kunyang'anywa mali yeyote atakayemficha. Baadaye serikali za Victoria na New South Wales ziliahidi pauni 8,000 kwa kukamatwa kwa Ned Kelly na wenzake watatu. Aaron Sherritt, rafiki yao wa zamani aliyekuwa akipokea fedha za polisi, aliuawa na mmoja wao tarehe 26 Juni 1880. Waandishi hawajapatana kama mtu huyo aliwauza rafiki zake, au aliwadanganya polisi ili kuwalinda. Hata hivyo hadithi haiwezi kumwacha, maana palipo na mchongezi mmoja, kushindwa hupata jina na sura, na sheria iliyomzaa husahauliwa.

Turudi Lindi. Abdul Karim aliviona vita kutoka pwani, katika mji uliokuwa na boma. Habari za bara ziliufikia mji ule kwa vinywa vya wakimbizi na wajumbe. Yafaa msomaji alikumbuke hilo anapokutana na ukali wa mtungaji juu ya watu wa bara na maji yao. Simwiti mchongezi, wala jasusi. Nasema tu kwamba aliandika mahali ambapo boma lilikuwa na masikio, na mtunzi wa mahali kama pale hawezi kutunga kana kwamba hasikilizwi. Uzuri wa utenzi wake ni ukaribu wa wakati. Upungufu wake ni umbali wa mahali. Mtu wa Ruangwa anasikika humo kama sauti itokayo ng'ambo ya mto.

Hussein alichukua njia nyingine. Yeye mwenyewe alitahadharisha kwamba mtu wa mchezo si picha kamili ya mtu wa historia, ndiyo maana aliweza kumweka Kinjeketile hai hata baada ya watu kushindwa. Mwanzoni mwa mchezo makabila hayaaminiani, na shaka hiyo inafanya kazi ambayo mpelelezi wa Wadachi asingeifanya vizuri zaidi. Maji yanaiondoa shaka kwa muda. Lakini nguvu ya mchezo iko mwishoni, gerezani. Mtunzi mwingine angetuuliza ni nani aliyemuuza Kinjeketile. Hussein anauliza ni neno gani watakalo kumtoa kinywani. Wameupata mwili wake. Sasa wamtaka achongee imani ya watu wake kwa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Yeye mwenyewe hana hakika na maji, na hapo ndipo ugumu ulipo. Anakataa kwa sababu anajua kwamba neno lake litatumiwa kuwafundisha watoto kuwa kupigana kulikuwa kosa. Kwa maoni yangu hakuna mahali pengine katika michezo yetu ambapo uchongezi umepimwa kwa kina kama hapo, bila mchongezi yeyote kuonekana jukwaani.

Hukumu hiyo ya mchezo ilipata mfano katika Nachingwea yenyewe. Mwaka 1975, katika kambi ya FRELIMO iliyokuwa huko, watu walioitwa wasaliti walisimamishwa mbele ya mkutano. Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama hicho, alisomeshwa maungamo marefu juu yake mwenyewe. Baadaye aliuawa bila ya kuhukumiwa na mahakama. Waliomsomesha walikuwa wapigania uhuru, si Wadachi, na Tanzania iliwakaribisha kwa haki. Lakini msomaji wa Kinjeketile hawezi kulisikia tukio hilo bila ya kutambua kwamba neno msaliti halina upande. Mwindaji hulitumia, na aliyekuwa akiwindwa hulitumia pia apatapo nguvu.

Kasoro ya mchezo nayo isemwe. Kwa kuwa kila kitu kinaishia katika moyo wa mtu mmoja, vijiji vinanyamaza. Yule mtu wa Naipingo au wa Nyangao, aliyetakiwa kuchagua baina ya mzee na ghala, hayumo katika mchezo, na katika utenzi anaonekana kwa mbali tu. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa wilayani kuwahoji wazee waliokumbuka vita, na karatasi zao zipo. Mtunzi atakayezichukua azisome akiyaweka yale maneno manne mbalimbali, wala asifanye haraka kutafuta mtu wa kumwita msaliti.